Betri ya Gari Haifi kwa Uzee Pekee

Ukimuuliza fundi yeyote betri ya gari hudumu kwa muda gani, atakujibu kwamba ni miaka 3 hadi 5. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii sana mwenye gari. Katika gari langu moja, betri ya kwanza ilifanya kazi hadi mwaka wake wa 6, na iliyofuata, ya ukubwa ule ule na aina ile ile, ikafa kabla haijatimiza miezi 14. Gari halikubadilika. Kilichobadilika ni namna nilivyolitumia, na pia hitilafu ndogo ambayo sikuijali kwa sababu sikuwa na habari nayo.

Kabla sijaeleza yaliyonipata, inafaa kujua kinachotokea ndani ya lile boksi. Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli 6, na kila seli ina mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Mpango huu ulibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika hadi leo. Betri inapotoa umeme, mabamba hufunikwa na chembe laini za salfeti ya risasi. Inapochajiwa, chembe hizo huyeyuka na mabamba hurudia hali yake. Tatizo huanza pale betri inapoachwa ikiwa imepungua chaji kwa siku nyingi, kwani chembe hizo hukua, huwa ngumu, na hatimaye hukataa kuyeyuka hata ukichaji usiku kucha. Kila sehemu ya bamba iliyogandiwa hivyo ni sehemu ambayo haitatoa umeme tena. Kwa hiyo betri inayokaa nusu chaji kila wakati inaharibika polepole, hata kama bado inawasha gari kila asubuhi.

Ya kwangu iliharibika hivyo hivyo. Nilikuwa nimehamia kazi iliyo karibu na nyumbani, safari ya dakika 10 tu kwenda na 10 kurudi, na mwisho wa wiki gari lilikuwa halitoki kabisa. Kuwasha injini hula umeme mwingi kwa mkupuo, na safari fupi kama hiyo, huku taa na kipoza hewa vikiwa vinafanya kazi, haiipi alteneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, muda wa kuurudisha wote. Jumatatu moja nilizungusha ufunguo nikasikia tik-tik-tik chini ya boneti, na taa za dashibodi zikafifia. Jirani alinisaidia kulibusti, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri nyingine, nikaendesha kwa nusu saa nikiamini kwamba betri imejaa. Jambo hilo lilijirudia mara tatu, nikanunua betri mpya, na baada ya wiki tano mlio ule ule ukarudi.

Safari hii nilimwita fundi wa umeme wa magari. Hakuigusa betri kwanza. Alichomoa waya wa hasi, akaunganisha mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, akafunga milango yote, akasubiri vifaa vya gari vitulie. Mita ilisoma ampea 0.4, wakati gari lililozimwa halitakiwi kula zaidi ya ampea 0.05 hivi. Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye fyuzi ya taa za ndani namba ikaporomoka. Aliirudisha, akalaza kiti cha nyuma, akanionyesha ndani ya buti lililofungwa: kitaa cha wati 5 kilikuwa kinawaka, kwa kuwa swichi yake ilikuwa imekwama. Hesabu yake ni rahisi. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, na ampea 0.4 kwa saa 60 ni ampea-saa 24, yaani zaidi ya nusu ya betri yangu ya ampea-saa 45. Nilikuwa nimeitupa betri iliyouawa na kitaa cha buti, na nyingine nilikuwa naiua kwa njia ile ile.

Tangu siku hiyo sikisii tena, napima. Mita ya kawaida ya kupimia volti ni kifaa cha bei ndogo kuliko betri yoyote, na matumizi yake hayahitaji ufundi. Gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Nikiona 12.4 naichaji bila kungoja dalili nyingine. Injini ikiwa inanguruma, katika magari mengi mita inapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.7. Ikiwa chini ya hapo, angalia alteneta na mkanda wake kabla hujailaumu betri. Ikiwa juu ya hapo, betri inachemshwa na maji yake yatakauka. Mtu mwingine akikupigia starta huku wewe unaitazama mita, na volti zikashuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, basi hiyo imechoka kweli.

Jambo ambalo watu wengi hawaliamini ni kwamba alteneta si chaja. Kazi yake ni kulisha gari na kurudisha kiasi kidogo kilichotumika kuwashia. Betri iliyokwisha kabisa inahitaji chaja ya polepole, kwa kiwango cha karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake (kwa ya ampea-saa 45, kama ampea 4.5), kwa saa 10 au zaidi. Ile nusu saa yangu ya kuzunguka barabarani baada ya kubustiwa haikutosha hata kidogo.

Joto nalo ni adui mkubwa kuliko baridi, ingawa ni asubuhi ya baridi ndiyo inayofichua betri iliyokwisha kuchoka. Joto huharakisha kutu ndani ya mabamba na kukausha maji, hivyo kava la kuzuia joto ambalo gari lilikuja nalo lisiondolewe, na gari liegeshwe kivulini inapowezekana. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, ongeza maji yaliyotoneshwa pekee, kamwe usiongeze tindikali wala maji ya bomba, na usisogeze moto karibu, kwa sababu betri inayochaji hutoa haidrojeni.

Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita kwa wepesi. Husafishwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa baikaboneti ya soda na mswaki mkuukuu, mikono ikiwa na glavu na macho yakiwa yamekingwa. Anza kufungua hasi, na wakati wa kurudisha anza na chanya, ili spana ikigusa bodi pasitokee cheche. Hakikisha pia kwamba betri imefungwa imara kwenye kitako chake, maana mtikisiko huyabomoa mabamba.

Siku ya kununua nyingine, tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye boksi, kwani betri iliyokaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa mabamba yake yamekwisha kuanza kugandiwa na salfeti kabla hujailipia. Gari linalojizima kwenye foleni na kujiwasha lenyewe lipewe aina ile ile lililokuja nayo kutoka kiwandani. Ya kawaida haitalimudu. Ile ya zamani irudishe dukani au kwa wanaoyeyusha risasi kwa utaratibu salama, na kabla ya kuondoka na mpya, mwombe muuzaji aipime volti mbele yako.