Barua kwa mwanangu: zile sarafu 100,000

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma mara tatu. Umeniandikia: "Mama, nikinunua dhahabu ya gemu kwa pesa yangu mwenyewe, tena kwa njia ambayo kampuni yenyewe inaiuza, nimechiti au sijachiti?" Kisha ukanieleza habari za wenzako wanne mlioanza nao upya World of Warcraft, wote kutoka sifuri, na jinsi walivyokuja kujua kwamba zile silaha zako hukuzipata vitani, ulizinunua mnadani. Sasa wamekununia.

Nitakujibu. Ila kuna jambo umelipitia juu juu, nalo ndilo lililonikaa moyoni. Umesema siku walipoziona silaha walikupongeza. Hukusema wewe uliwajibu nini.

Msemo wangu unaujua, wewe na dada yako mmeusikia hadi mmeuchoka: unachokificha umeshakihukumu. Na najua, ukifika hapa tu utasema, "Na wewe je, mama?" Haya. Karibu miaka 20 tumelizunguka hili, leo niliseme.

Mwaka 2006 ulikuwa unacheza RuneScape kwenye ile kompyuta yetu moja. Nikirudi kutoka zamu ya usiku nakukuta umeamka kabla ya jua, unavua kambakoche kule Karamja, kisiwa cha humo ndani ya gemu. Meli ya kutoka Port Sarim ilikuwa sarafu 30, na kurudi 30. Mkoba ulikuwa na nafasi 28. Moja ya dema, moja ya sarafu za nauli, zinabaki 26. Basi unavua kambakoche 26, unapanda meli, unatembea hadi benki ya Draynor, unawaweka, unaanza upya. Ukishakusanya wengi ndipo unawauzia wachezaji wengine. Mimi nilikuwa nakaa nyuma yako na kikombe cha chai nikihesabu pamoja nawe, na sijawahi kukwambia kwamba nusu saa hiyo ndiyo niliyokuwa nikiingoja usiku kucha kazini.

Ulikuwa unaitaka dirii ya rune. Joka ulikuwa umeshaliua mwenyewe, na bila kuliua joka lile hakuna aliyeruhusiwa kuivaa. Kwa hiyo haki ya kuivaa ulikuwa nayo, kilichopungua ni bei. Oziach, muuzaji wa humo ndani, aliiuza kwa zaidi ya sarafu 80,000 na wewe ulikuwa na 52,340. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu ulikuwa ukiiandika kila asubuhi kwenye daftari.

Mimi nilikuwa nakuona macho mekundu. Nikajiambia mtoto huyu anachoka bure. Nikatafuta mtu kwenye intaneti anayeuza sarafu, nikamlipa, na usiku mmoja ukiwa umelala nikaingia kwa jina lako nikakutana naye humo ndani ya gemu. Alifungua biashara, akaweka 100,000. Mimi sikuweka kitu. Kikatokea kile kioo cha pili kinachouliza kama una uhakika na biashara hii. Nilikaa nacho kidogo. Kisha nikakubali.

Asubuhi ukaniambia, "Mama, kuna sarafu zimeingia." Nami nikakujibu, "Labda ulikosea kuhesabu."

Kununua nimeshajisamehe. Sentensi ile bado. Ulinitazama, ukalifungua daftari, ukaliweka mbele yangu bila kusema neno. Halafu ukatoa benki 100,000 kamili pamoja na nauli ya kwenda, ukapanda meli hadi Karamja, ukasimama pale unapovua siku zote, ukaziangusha chini. Ilipita kama dakika moja kabla wengine hawajaanza kuliona lile rundo. Akapita mtu asiyetujua akaliokota. Ukarudi kwenye dema lako.

Utasema zawadi nayo hufichwa, na hakuna anayeihukumu. Hilo nimejibishana nalo miaka mingi. Ni kweli, zawadi hufichwa, lakini hufichwa ili ije ifunuliwe, na mimi sikukusudia kukufunulia. Nilitaka uamini ni zako. Basi msemo wangu unasimama. Au nadhani unasimama, maana kuna mambo mawili matatu yanayousumbua.

La kwanza ni sheria. Mwaka ule sheria za gemu zilikataza kununua sarafu kwa pesa halisi, kwa hiyo nilikuwa mvunja sheria. Mwezi Januari 2008 Jagex, wenye RuneScape, wakabana biashara yote isiyolingana thamani ili kuwakomesha wauzaji, na hata marafiki wakashindwa kupeana zawadi kubwa hadi Februari 2011. Unakumbuka dada yako alivyolia kwamba hawezi kukupa upinde? Lile lilitokana na watu kama mimi. Kisha mwaka 2013 wenyewe wakaleta Bond. Unainunua kwa pesa, mchezaji mwingine anakupa sarafu, naye anaitumia kulipia uanachama. Kama kuchiti ni kuvunja sheria na basi, mimi nilikuwa na kosa 2006 na nisingekuwa nalo 2013, kwa sarafu zilezile na mtoto yuleyule. Hilo siwezi kulimeza.

La pili ni zilikotoka. Yule aliyeniuzia hakuniambia, na mimi sikuuliza. Sarafu za namna ile nyingi zilivuliwa na programu zinazocheza zenyewe mchana na usiku, zikigombania samaki na watoto kama wewe, au ziliibwa kwenye akaunti za watu. Wewe hili halikugusi. Ile tokeni ya World of Warcraft uliyoinunua, inayouzwa tangu 2015, inafanana na Bond: umelipa pesa, umeipiga mnada kwa dhahabu, na aliyeinunua amepata muda wa kucheza. Dhahabu uliyopokea ilichumwa na mchezaji mwenzako, akaitoa kwa hiari. Kwa hapo mikono yako ni safi kuliko yangu, na nafurahi kuliandika.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Gemu nyingine, Diablo III, ilipotoka 2012, wenye gemu hiyo, Blizzard, walifungua mnada wa pesa halisi waziwazi, kila mtu akijua, hakuna kilichofichwa. Na Machi 2014 wakaufunga wenyewe, wakisema unaharibu kiini cha gemu, yaani kuua majini ili upate vitu vyao. Sasa pale nani alimdanganya nani? Hakuna. Bado kitu kiliharibika. Kumbe jambo laweza kuwa halali, likawa wazi, na likakunyima kile ulichokuja kukitafuta. Msemo wangu haufiki huko, nakiri.

Mavazi ya urembo tu yasiyoongeza nguvu sina neno nayo. Vaeni mpendavyo.

Nimewafikiria pia hao wenzako. Unasema mmoja wao hana kazi sasa na anacheza mchana kutwa, na wewe unapata saa moja baada ya kuwalaza watoto. Hakuna anayemwambia yeye kwamba amechiti kwa kuwa na saa nane. Muda nao ni mali, na mimi mwenyewe nilipomlipa yule muuzaji niliamini ninakununulia usingizi. Kwa hiyo usidhani siuoni upande wako. Nauona sana, pengine kupita kiasi, kwa kuwa wewe ni mwanangu.

Lakini mlikubaliana. Watano, kutoka sifuri, kila mtu kwa alichopata mwenyewe. Hayo hayakuwa maneno ya kampuni, yalikuwa yenu. Kampuni inaweza kukuuzia dhahabu, haiwezi kukuuzia ruhusa ya wenzako. Wangekuwa wageni uliokutana nao mnadani nisingekuandikia hata nusu ya barua hii. Hawa ndio waliokaa nawe usiku kucha shimoni mkifa na kufufuka pamoja, na walipoona silaha walifurahi kwa ajili yako. Unachokificha umeshakihukumu, mwanangu. Na kama hukuficha, kama uliwaambia siku ileile na wao ndio wamegeuka, basi niandikie haraka, maana hapo nitakuwa nimekuonea.

Neno lenyewe uliloniuliza nilikuwa nimeliandika hapa. Nimelikata kwa kalamu. Sitaki ulipate kwangu kabla hujawapa hao wanne nafasi ya kukwambia kile walichokisikia moyoni. Inaniwia vigumu kulishika, unanijua.

Jambo moja zaidi. Wiki kadhaa baada ya siku ile uliipata dirii. Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukimwita dada yako aje aone, mkashangilia, akataka uzunguke ili aione mgongoni. Mimi hukuniita. Nilisimama na sahani mkononi nikisubiri, kisha nikaendelea kuosha.

Lile daftari ninalo. Namba zako za kila asubuhi zimepangwa wima kwa penseli, na siku ile hakuna namba, umeandika tu "si zangu". Ukija nitakupa.

Mama yako