Je, Ubudha ulimkomboa mwanamke wa Kihindu?

Dada, umeuliza kama ni kweli Ubudha ulimkomboa mwanamke aliyekandamizwa na Uhindu. Nakusihi usiibebe kauli hiyo nzima nzima.

Anza na Mahapajapati, mama mlezi wa Buddha. Mapokeo yanasimulia kwamba alipokataliwa utawa alinyoa nywele, akatembea hadi mji wa Vesali, akasimama nje ya mlango miguu imevimba, mwili vumbi tupu, analia. Ananda, mwanafunzi wa karibu wa Buddha, akamwombea. Buddha akakiri kuwa mwanamke anaweza kufikia ukombozi kamili, neno zito kwa zama zile. Lakini akamwekea masharti 8, la kwanza likiwa hili: mtawa wa kike mwenye miaka 100 ya utawa amwinamie mtawa mwanamume aliyepokelewa leo hii. Kila nikilisoma hilo linaniuma.

Uhindu nao una sura nyingi. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinamweka mwanamke chini ya baba, mume, kisha mwana. Ila katika Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, mwanamke msomi Gargi anamhoji mwenye hekima Yajnavalkya mbele za watu.

Linganisha maandiko kwa maandiko, desturi kwa desturi. Na kabla ya yote soma Therigatha, mashairi ya watawa wa kike wa kale wa Kibudha. Humo wanajisemea wenyewe.