Weka plaizi chini, mdogo wangu

Mbukwenyi, vijana wa meza ya silaha. Jumanne nimemkuta mmoja wenu ameng'ang'ania rivolva, plaizi imeuma fimbo ya kutolea maganda ya risasi, chuma kwa chuma, jasho linamtiririka. Nilipiga kelele hadi mama lishe wa nje akachungulia. Nisameheni. Nilijiona mwenyewe pale.

1. Fungua silinda, hesabu matundu sita kwa macho na kwa kidole, risasi zitoke kabisa nje ya chumba hiki cha kazi. Kisha jaza daftari: namba ya silaha, mwenyewe, leseni yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani.

2. Mafuta ni tone. Kuna mtu hapa anazilowesha kama anakaanga sambusa. Vumbi letu la kiangazi likikutana na mafuta mengi linakuwa uji wa msasa, na chuma cha zamani kinalika polepole. Yakifika kwenye fataki ya risasi, siku ya haja haitalia.

3. Fimbo. Hapa tukae.

Smith & Wesson za zamani zina treti (mikato ya skrubu) ya kawaida kwenye fimbo hiyo, ya kufungua kwa kuzungusha kushoto. Ilikuwa ikilegea kwa kazi, inachomoza mbele, silinda inagoma kufunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kikageuza, ikawa treti ya kushoto, inayofunguka kwa kuzungusha kulia. Zote mbili bado zinaletwa hapa, na kwa sura ni toka nitoke.

Mimi nilitokea kwenye baiskeli, Majengo, najiona fundi kamili. Wiki ya tatu ikaletwa rivolva ya mlinzi wa ghala la mahindi Kibaigwa, silinda nzito kuzunguka. Mzee wangu wa kazi alikuwa msibani Mpwapwa. Angekuwepo angesema piga brashi, ulikuwa uchafu tu. Mimi nikataka kufungua kila kitu. Nikaibana fimbo, nikazungusha kama nati yoyote. Ikagoma. Nikavika kipande cha bomba kwenye mpini wa plaizi nipate nguvu, tena nikajisifu kwa akili hiyo. Ikalia ta! Nikafurahi, nikidhani imeachia. Kumbe ilikuwa treti ya kushoto, muda wote nilikuwa naikaza. Na kwa kuwa matundu yalikuwa matupu, ile nyota inayosukuma maganda haikuwa na cha kuegemea. Pini zake ndogo zikakatika. Fimbo imepinda, michoro yake imesagika kama gunzi lililopita kwa mbuzi. Nikaificha kwenye droo, chini ya makaratasi ya msasa. Siku mbili namwambia mlinzi "bado kidogo, kaka," naye analinda ghala usiku kwa rungu.

Mzee aliporudi, droo ya kwanza kuvuta ni hiyo hiyo. Akaigeuza mkononi, akauliza taratibu, "Pedeli ya kushoto ya baiskeli unaifungua upande gani?"

Miaka minne nilikuwa nafungua pedeli za kushoto kwa kuzungusha kulia. Sikujibu. Kipuri nilikilipia kwa mshahara wa miezi miwili, na ugali wa miezi hiyo nilikula kwa mlenda mtupu.

Basi: maganda matupu sita kwenye matundu, fimbo kwenye jiliwa katikati ya vipande vya ngozi, zungusha silinda kwa mkono. Ikikataa kwa upole, jaribu upande wa pili kabla ya kutafuta bomba.

4. Kifuniko cha ubavuni hakichokonolewi na bisibisi. Toa skrubu, gonga fremu kwa mpini wa mbao, kitanyanyuka chenyewe.

5. Rivolva hailali kwenye ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho, na kutu huja hata Dodoma.

6. Anayefunga silinda kwa kurusha mkono kama kwenye sinema atanunua soda ya karakana nzima.

Wewe wa Jumanne: fimbo yako nimeiviringisha juu ya kioo, haijapinda. Ipo kabatini. Kesho njoo na maganda sita, na hiyo plaizi iache nyumbani.