Kaskazi Inakwisha, Usingoje Likizo ya Aprili

Wageni wengi hudhani Lamu ni jua na bahari mwaka mzima, kwa hiyo siku yoyote ya kutembea ni sawa. Sisi tuliokulia Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, tunajua mwaka wetu una pepo mbili. Kaskazi huingia karibu na Desemba na kutuaga Machi. Kisha huja kusi, na masika hukaribia nayo. Baina ya pepo hizo ni maleleji, upepo usiotulia upande mmoja na usiku wenye joto la kukesha.

Tumo katika majuma ya mwisho ya kaskazi, na kila mwaka nasikia wazazi wakisema, "Tungoje shule zifungwe Aprili." Likizo ikifika, mvua nayo imefika, na nahodha mwenye busara hataki kubeba watoto kwenye mawimbi. Roho huniuma kuona mtoto wa Lamu anamaliza shule ya msingi hajawahi kufika Takwa, ng'ambo tu ya maji.

Basi ushauri wangu ni huu: majuma haya yape bahari. Ngome, makumbusho na vichochoro vya mtaa wa Mkomani mjini Lamu vitakuwepo Julai, na vinapendeza zaidi kukiwa na ubaridi. Kinachohitaji maji matulivu ndicho kitangulie, na Jumamosi moja au mbili zinatosha.

Mimi ningeanza na Takwa, kisiwani Manda. Mji ule ulikaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, na wazee husimulia kwamba watu wake walihamia Shela. Msikiti wake bado umesimama, na nje kuna kaburi la mnara ambalo watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Ukimweleza mtoto hayo akiwa amesimama mbele ya kaburi lenyewe, atakumbuka kuliko akisomewa darasani.

Lakini Takwa haiendewi ovyo. Njia yake ni mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko, na maji yakitoka mashua hukaa kwenye tope. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hukauka kabla ya adhuhuri. Kila siku hujaa nyuma kidogo ya jana, kama dakika hamsini hivi. Kwa hiyo ukitaka maji ya mchana, angalia siku ya kumi au ya ishirini na tano tangu mwezi kuandama: uingie maji yakipanda, utoke kabla hayajakimbia. Kubaliana na nahodha saa ya kuondoka huko, siyo ya kuondoka Lamu tu. Hili ndilo watu husahau, wakaishia kuwasukumiza wazee kwenye tope.

Ya pili ni Manda Toto, kisiwa kidogo karibu na Manda. Huko matumbawe huonekana vizuri kaskazi ikiwa imelegea na maji ni meupe. Mpe mtoto miwani ya maji na jaketi la kuokolea, hata kama anajua kuogelea, na umkataze kukanyaga matumbawe. Walio Malindi wana sababu kubwa zaidi ya kufanya haraka: masika yakishika, mto Sabaki hushusha udongo mwekundu hadi baharini, na hifadhi yao ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, huwa haionekani vizuri kwa chini.

Kuna safari nyingine ambayo haina raha ya matembezi ila mimi naipa uzito kuliko zote: kuwazuru jamaa wa Pate, Siyu na Faza, kisiwani Pate. Mama mzee aliyeko Siyu hawezi kustahimili mashua ya kusi, na wewe ukiwa na mtoto mchanga vilevile. Mkanda, mlango wa maji baina ya Manda na bara, nao hupitika vyema maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo uliza saa ya maji kabla ya kufunga mzigo. Nenda sasa, ukalale huko. Ukiahirisha, mara nyingi utakuwa umeahirisha hadi kusi ilegee, mwishoni mwa mwaka.

Gharama zisikuogopeshe. Mashua ya kukodi hulipiwa kwa safari, siyo kwa kichwa, kwa hiyo alikaneni nyumba mbili tatu, kila moja ije na chakula chake. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani.

Nyumbani pia kuna kazi za jua: achari ya ndimu, samaki wa kukausha, na paa la makuti la kuzibwa kabla ya tone la kwanza. Fundi wa makuti umwite leo, kwa sababu mvua ikinyesha mara moja kila mtu atamtaka siku hiyohiyo.

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikituangukia Februari na Machi. Waliofunga wasisafiri na jua la mchana. Safari fupi baada ya alasiri, mkafuturu ufukweni Shela, inatosha na ina baraka zake. Takwa na Manda Toto ziwekeni kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, au siku za Idi, ila nahodha mumwambie mapema, maana siku za Idi mashua hazitoshi.