Wasomaji Wauliza: Njia ya nani kwanza?

Tangu tutaje gemu za hadithi za Kijapani katika safu hii, barua hazijakatika. Kwa asiyezijua: ni gemu unazozisoma zaidi kuliko kuzicheza. Mhusika kasimama, maandishi yanapita chini yake, muziki unalia, na mara mojamoja unaulizwa ufanye nini. Chaguo zako ndizo zinazokuingiza katika "njia", yaani hadithi ya mhusika mmoja hadi mwisho wake. Tumejibu barua zinazogusa wengi.

*Assalamu alaykum. Nimeanza Fate/stay night kwa ajili ya Sakura tu. Nimejaribu kila chaguo la kumpendeza, lakini kila nikirudia gemu inanitupa kwa Saber. Nimekosea wapi?*
Msomaji, Chake Chake

Waalaykum salaam. Hujakosea, ndugu yetu. Mlango umefungwa makusudi. Gemu hiyo ya Type-Moon, iliyotoka Januari 2004, ina njia tatu na msomaji hana ruhusa ya kuzipanga atakavyo. Kwanza ni Fate, ya Saber. Ukiimaliza inafunguka Unlimited Blade Works, ya Rin. Ukimaliza na hiyo ndipo unapoipata Heaven's Feel, ya Sakura. Mara ya kwanza unaweza kumpikia Sakura kila siku ukitaka, hakuna pa kukupeleka.

Sababu imo ndani ya hadithi. Shirou, kijana tunayemfuata, ana ndoto moja: awe shujaa wa kuokoa kila mtu. Mwandishi Kinoko Nasu ameichukua ndoto hiyo moja akaihoji mara tatu, katika mji uleule wa Fuyuki na vita vilevile vya wachawi. Njia ya kwanza inakuonyesha ndoto ikiwa bado inang'ara. Ya pili inamletea Shirou hesabu yake: anayeishi hivyo huishia kuwa mtu gani? Ya tatu inamwuliza iwapo kuokoa wengi kunataka umtoe mmoja unayempenda, utamtoa? Swali hilo la tatu lina uzito kwa aliyekwisha kukaa na ndoto ile kwa saa nyingi. Aliyelikimbilia moja kwa moja ataona kijana anababaika tu. Na angalia jambo hili: Shirou wa njia ya tatu hakumbuki hata chembe ya njia ya kwanza. Anayekumbuka ni wewe unayesoma. Gemu hizi zimejengwa juu ya kumbukumbu yako, si ya mhusika, na ndiyo maana mpangilio wa njia ni sehemu ya hadithi kama zilivyo sura za kitabu.

Sasa vitendo. Siku za mwanzo zinafanana katika njia zote, kwa hivyo utaona maneno uliyokwisha kuyasoma. Tumia kitufe cha kurukia, lakini kwanza ingia katika mipangilio uhakikishe kinaruka maandishi yaliyosomwa peke yake. Ukikiachia kiruke kila kitu, kitakupitisha juu ya sentensi zilizobadilishwa, nazo ndizo zinazokwambia kwamba uko njia nyengine. Kikisimama ghafla mahali ulipodhani unapajua, hapo soma pole pole.

Tena, usivikimbie vifo. Kila ukifa unaingia Tiger Dojo, ambako wahusika wawili, Taiga na Illya, wanakudhihaki kisha wanakudokezea ulikosea chaguo gani. Madarasa hayo yako 40, na baadhi yake yanachekesha kuliko gemu nzima.

*Mimi nimemaliza Steins;Gate mara tatu na sijawahi kuonyeshwa orodha ya kuchagua. Mwisho ni uleule. Rafiki yangu ana mwisho mwengine kabisa. Kaupata vipi?*
Binti wa Michenzani

Dada yetu, chaguo zimo kwenye simu. Okabe, kijana tunayemfuata humo, akipokea ujumbe, baadhi ya maneno ndani yake yana rangi tofauti. Ukigusa neno moja, jibu linaandikwa kulifuata neno hilo. Ukigusa jengine, jibu linabadilika. Ukiifungia simu mfukoni, hilo nalo ni jibu. Wengi wanadhani maneno yale ni pambo.

Miisho yake iko sita, na haikupangwa kama matawi ya mwembe yanayotoka shinani kwa wakati mmoja. Ifikirie ngazi ya ghorofa: ni moja, inapanda, na katika kila ghorofa upo mlango wa kutokea. Okabe ametuma jumbe kwenda wakati uliopita, sasa analazimika kuzifuta moja moja, na kila ufutaji unamnyang'anya mtu kitu alichokipata. Rafiki zake Suzuha, Faris na Luka kila mmoja ana mlango wake pale Okabe anaposhindwa kufuta. Ukitoka hapo umepata mwisho wa mtu huyo na hadithi imefungwa. Ukivumilia ukaendelea kupanda, unafika kwa Mayuri na Kurisu. Kwa maneno mengine, kila mwisho wa mapema ni huruma iliyomzidi nguvu Okabe. Sijui gemu nyengine iliyoyafunganisha makosa ya mchezaji na tabia ya mhusika vizuri namna hii.

Mwisho wa kweli ndio unaowatoa watu jasho. Unataka uwe umemjibu Kurisu kwa maneno maalumu katika jumbe kadhaa zinazoanza mapema mno, kabla hata hujajua kwamba zina maana. Ukikosa mmoja, unagundua mwishoni kabisa, baada ya saa nyingi za kusoma. Kwa kawaida nawashauri watu wasome bila mwongozo mara ya kwanza. Hii ni gemu ninayoiondoa katika kanuni hiyo: soma peke yako hadi upate mwisho wowote, kisha tafuta orodha ya majibu ya Kurisu uifuate neno kwa neno.

Na hapa niseme la jumla, maana barua saba zinalalamika "nilichagua vizuri nikapata mwisho mbaya". Nyingi ya gemu hizi zina kidaftari kilichofichwa. Kila mhusika ana hesabu yake. Jibu fulani linamwongezea moja, jengine halimwongezei kitu. Tuseme mhusika anataka alama 5 kati ya 7 zilizopo. Ukiwa mwema kwa kila mtu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, unafika njia panda ukiwa na 3 kwa mmoja, 2 kwa mwengine, na hakuna njia inayofunguka. Gemu inakuhesabu kama mtu asiye na msimamo. Shika mhusika mmoja mpaka mwisho. Na kila ukifikia chaguo, hifadhi katika nafasi mpya. Usiandike juu ya ile ya zamani. Kosa linalokumaliza sura ya nane mara nyingi lilifanyika sura ya pili, na kama una hifadhi moja tu, itabidi urudi mwanzo.

*Kompyuta yangu kongwe, bando langu dogo, na umeme hapa huja na kwenda. Nianze na ipi?*
Msomaji, Wete

Narcissu, ya Tomo Kataoka, ya mwaka 2005. Ni bure, haina chaguo hata moja, inasomeka kwa usiku mmoja au miwili. Wagonjwa wawili wasiotarajiwa kupona wanatoroka hospitali kwa gari, wakielekea kisiwa cha Awaji kuona maua. Picha ni chache na nyembamba kama ukanda, sehemu kubwa ya kioo ni giza na maneno, kwa hivyo hata mashine iliyochoka inaibeba. Unaweza kuisoma kwa sauti za waigizaji au kimya. Jaribu kimya; kijana anayesimulia ndiye asiye na sauti hata katika ile ya waigizaji, na utaona kwa nini.

Ukipakulia kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, mahali penye intaneti, fungua gemu mara moja palepale kabla hujaondoka, kisha weka programu katika hali ya kutotumia mtandao. Wasiofanya hivyo hufika nyumbani wakakuta inadai kuunganishwa kwanza.

*Clannad nimemaliza njia ya Nagisa. Ndugu zangu wananiambia hadithi yenyewe sijaiona. Wananitania?*
Msomaji, Mkoani

Hawakutanii. Uliyoisoma ni nusu ya shule. Clannad ya kampuni ya Key, nayo ya 2004, ina sehemu ya pili, After Story, inayomfuata Tomoya, kijana yuleyule unayemwongoza, baada ya shule: kazi, nyumba, mtoto. Haifunguki mpaka ukusanye mianga minane, na mwanga hupatikana ukimaliza vizuri hadithi za wahusika wengine. Ndani ya After Story kwenyewe ipo mianga mengine ya kutafuta kabla ya mwisho wa kweli, kwa hivyo usishangae ukifika pabaya ukaona hadithi imekatika kwa msiba. Rudi, mianga haijatimia.

Sitaki kukufichulia, ila hili nitalisema: mianga ile si alama za mchezo zilizobandikwa juu ya hadithi. Inatajwa ndani ya hadithi, ina asili, na utakapoijua asili yake utafahamu kwa nini ulilazimishwa kuwasaidia hata wale wahusika waliokuchosha. Kwa hiyo usiruke njia ya Fuko kwa kuiona ya kitoto.

*Nina wadogo zangu nyumbani. Zipi hazina mambo ya aibu?*
Mama wa Mwanakwerekwe

Swali la msingi, mama. Gemu nyingi za zamani za aina hii zilitolewa kwanza kwa watu wazima, kisha zikatolewa upya zikiwa zimesafishwa. Fate/stay night ya 2004 ilikuwa na matukio ya chumbani. Toleo lililorekebishwa la 2024 halina, ingawa damu ipo tele. Kanon na Air za Key zina matoleo ya namna zote mbili, kwa hivyo soma maelezo kabla ya kununua. Clannad ilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Katika Steins;Gate, Daru, rafiki wa Okabe, ana mdomo mchafu; ya watoto siyo. Higurashi haina uchi, ila ina mateso ya watoto na mauaji. Mwenye miaka 12 asipewe.

*Je, zipo ambazo anayesimulia ni mwanamke?*
Msomaji, Mji Mkongwe

Zipo, na zina jina lake Japani: otome. Ya kwanza kujulikana ni Angelique ya Koei, 1994. Kwa kuanzia chukua Hakuoki ya 2008. Chizuru anaingia Kyoto amevaa kiume akimtafuta baba yake daktari, anaangukia mikononi mwa Shinsengumi, kikosi cha wapiganaji kilichokuwepo kweli. Wengi wa wanaume unaochagua miongoni mwao walikuwa watu halisi, na historia haikuwahurumia: mmoja wao, Hijikata, aliuawa Hakodate mwaka 1869. Anayeijua tarehe hiyo anaisoma njia ya Hijikata kwa roho juu toka ukurasa wa kwanza.

Ukimaliza, nenda Code: Realize. Humo Lupin amefungiwa mpaka umalize wanaume wanne wengine, kwa sababu ileile ya Sakura. Usimkasirikie.

*Higurashi haina chaguo lolote. Hiyo nayo ni gemu?*
Msomaji, Konde

Kitendawili! Tega. Sura zake ni nane: nne za mwanzo zinatega, nne za mwisho zinategua. Mwandishi wake, Ryukishi07, alianza kuziuza mwenyewe mwaka 2002, moja baada ya nyengine, na wasomaji wakawa wanagombana baina ya sura na sura nani muuaji. Kijiji ni kimoja, Hinamizawa, mwezi ni mmoja, Juni 1983, lakini kila sura msiba unakuja kwa mlango wake. Yaani njia zipo, ila huzichagui. Unazipanga pembeni na kuzilinganisha. Chukua daftari. Andika nani alikuwa wapi usiku wa sherehe katika kila sura. Usianze na sura ya tano kwa kusikia kuwa ndiyo yenye majibu: utapewa jibu la swali usiloulizwa.

*Nataka kuandika yangu, kwa Kiswahili, ya Pemba wakati wa karafuu. Nianzie wapi?*
Msomaji, Mtambwe

Pakua Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu hizi; ni ya bure na ipo toka 2004. Hadithi unaiandika katika faili la maandishi ya kawaida. Njia panda inakaa hivi:

default mwanikaji = 0

label uwanjani:
    "Wingu limeshuka. Karafuu bado ziko majamvini."
    menu:
        "Msaidie kuanua":
            $ mwanikaji += 1
        "Wahi boti":
            pass

Mwisho wa sehemu ya pamoja, ile isomwayo kabla njia hazijaachana, unaweka sharti: ikiwa mwanikaji amefikia 4, ruka kwenda njia yake, la sivyo, nenda kwengine. Ukitaka njia ifungwe mpaka nyengine imalizwe, tumia jina linaloanza na persistent., kama persistent.boti_imekwisha. Thamani ya kawaida inasahaulika mchezaji akianza upya, hii inabaki.

Piga hesabu kabla hujaota. Sehemu ya pamoja maneno 6,000 na njia ya maneno 10,000 kwa kila mhusika: wahusika watatu tayari ni maneno 36,000. Anza na wawili, na sehemu ya pamoja uifanye fupi, maana hiyo ndiyo msomaji atakayoipita mara mbili. Njia ya pili iandike ukijua kwamba msomaji ana ya kwanza kichwani: neno ambalo mtu wa boti alilisema kwa mzaha huko, hapa lisikike kama usia.

Makosa mawili yatakupata siku ya kwanza. Nafasi za pembeni mwa mistari lazima zilingane. Ukikosea nafasi moja, programu inagoma na kukutajia namba ya mstari. La pili ni letu sisi: maneno ya wahusika yafunge kwa alama mbili za kunukuu, kama hapo juu. Ukiyafunga kwa alama moja, Ren'Py itafika kwenye "ng'ombe" idhani sentensi imekwisha.