Nina kisukari, sukari ya damu inapanda kabla ya hedhi halafu inashuka usiku, nifanyeje?

SWALI: Sista habari, niko Arua nauza nguo sokoni, nina miaka 29, najidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Kila mwezi siku kama 5 kabla ya hedhi sukari ya asubuhi kwenye mashine inafika 13 hadi 14 (mmol/L) na chakula ni kilekile, damu ikianza inaporomoka, juzi nimeamka saa nane usiku shuka zimelowa jasho, mikono inatetemeka. Kliniki wakasema nawaficha, nakula vitamu. Ni mimi tu?

JIBU: Pole sana dada yangu, si wewe tu na wala hujaficha kitu. Yanawakuta wengi ila hakuna anayewauliza tarehe za hedhi, na hapo sisi wahudumu tunakosea kabisa.

Iko hivi, yai likishatoka homoni ya projesteroni inapanda, nayo inafanya insulini isifanye kazi vizuri kwahiyo dozi ileile inakuwa ndogo. Siku damu inapoanza homoni imeshashuka, dozi ileile sasa inakuwa kubwa. Na hiyo ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, ina sehemu ya polepole, ukijidunga saa moja jioni nguvu yake inakuja usiku wa manane, ndo maana ukaamka saa nane.

Usijiongezee dozi mwenyewe tafadhali, maana ukisahau kuirudisha siku damu inapoanza utashuka vibaya. Chukua daftari, andika siku ya kwanza ya hedhi, kama stripu za kupimia sukari ni chache zitumie siku 5 kabla na siku 3 za mwanzo, asubuhi kabla hujala, na ukishtuka usiku pima pia. Fanya miezi 2 au 3 halafu wawekee hilo daftari mezani, daktari ataweza kupanga dozi ya siku za kabla ya hedhi na ya siku damu ikianza. Lakini huko kushuka usiku usingoje miezi, nenda waambie wiki hii hii.

Usiku weka kikombe chenye vijiko 3 vya chai vya sukari karibu na kitanda. Ukipima iko chini ya 4, au unatetemeka na huna stripu, koroga na maji unywe, subiri dakika 15 upime tena, bado iko chini rudia, ikipanda kula kitu kidogo kama kipande cha muhogo. Na unayelala naye mwambie, akikukuta huamki asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu akimbilie hospitali.