Filta ya dizeli ya boti, ikiingia kwenye uzi haimaanishi ndo yenyewe

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa boti, naona wengi mnaenda dukani na filta kuukuu mkononi, "nipe kama hii", muuzaji anatafuta inayoingia kwenye uzi, yaani ile mistari ya kufungia kama ya skrubu, mnalipa mnaondoka. Mimi nilifanya hivyohivyo. Ikafunga vizuri, injini ikawaka, tukatoka Nyamisati kwenda Kilindoni kule Mafia, tulipofika kwenye mawimbi mlio ukaanza kupanda na kushuka, nguvu ikaisha, ikazima. Nikafungua palepale boti inayumba, nakuta karatasi ya ndani imebonyea, imejaa utelezi mweusi, na kwenye bakuli, kile kikombe cha chini ya filta, maji yamekaa peke yake chini ya dizeli. Bahari ikichafuka inakoroga tenki, uchafu wote uliotulia chini unakuja kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza uliza injini inapitisha mafuta kiasi gani, sio inachoma kiasi gani. Hapa ndo watu wanapokosea sana. Pampu inavuta mengi kuliko yanayochomwa, yanayobaki yanarudi tenki, sasa injini inaweza kuchoma lita 20 kwa saa na kupitisha lita 80, na zote 80 zinapita kwenye filta. Angalia kitabu cha injini halafu chagua filta yenye uwezo wa juu ya hapo. Mfano zile filta za bakuli za kampuni ya Racor, modeli 500 ni lita 227 kwa saa, 900 ni 341, 1000 ni 681.

Halafu maikroni, yaani kipimo cha uchafu mdogo unaozuiwa na filta, namba ikiwa ndogo inachuja laini zaidi. Filta ya kwanza, ile ya kutenga maji iliyo kati ya tenki na injini, weka 30 au 10 kama kitabu hakijasema vingine, ile ya kwenye injini ndo ichuje laini. Ukiweka 2 huku mwanzo ukidhani unailinda injini, kwa dizeli yetu ya kumimina kwa madumu itaziba mapema na itakuzimisha katikati ya maji. Kwenye Racor soma herufi baada ya namba, S ni 2, T ni 10, P ni 30. Na kama injini ipo ndani ya boti chukua yenye kinga ya chuma chini ya bakuli, moto ukitokea plastiki tupu inayeyuka na dizeli inamwagikia motoni.

Ukiweza funga na geji ya mvuto, ile inayoonyesha pampu inavuta kwa nguvu kiasi gani kupitia filta, weka alama sindano ilipo filta ikiwa mpya, ikianza kupanda ujue inaziba, huna haja ya kubahatisha.

Asubuhi kabla hujawasha fungua koki ya chini, maji yatoke mpaka uone dizeli tupu. Tenki lilale limejaa, likilala nusu unyevu unageuka maji na ule utelezi mweusi ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana.

Wakati wa kubadilisha, badilisha na oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, ipake dizeli kidogo, kaza kwa mkono. Ile ya kwenye injini usiijaze dizeli ya dumu, unamimina uchafu upande ulioshachujwa, tumia pampu ya mkono mpaka hewa iishe. Na kwenye boti ziwepo filta mbili za akiba za kila aina, ndani ya mfuko mkavu, pamoja na oringi zake na spana ya skrubu ya kutolea hewa.